Kijiji kiko juu ya uwanda wa Makonde, mkononi tuna milioni 31: tuchimbe kisima au tusubiri mradi wa serikali?

Korosho Ghafi

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kushika miradi ya maji vijijini. Wa kejeli karibuni pia, ila subirini zamu yenu.

Mimi ni mzaliwa wa kijiji kimoja juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Naishi Mbagala, nina duka la vifaa vya umeme. Wana wa kijiji tulio nje tuna kundi la WhatsApp, mwanzoni lilikuwa la misiba tu. Mwaka juzi mwezi wa kumi akafariki bibi yetu mmoja, tukaenda kuzika. Maji ya kumkoshea marehemu tuliazima kwa jirani, na kwetu deni la maji hulipwa kwa maji. Siku ya pili, watu wako mia tatu, mchele umeshapepetwa, mapipa yakawa matupu. Vijana wawili wakapewa pikipiki, wakateremka bondeni. Wamerudi baada ya saa tatu na madumu manane, kila dumu shilingi 1,000. Shangazi yangu mmoja akasema kwa sauti, ili tusikie sisi tuliotoka mjini na miwani yetu: "Watoto tumesomesha, lakini wali tunakula mkavu."

Tangu siku ile tunachanga. Tuko watu 143, na kwenye akaunti sasa kuna shilingi 31,400,000. Tumepata mkandarasi anayesema kwa milioni 38 atatuchimbia mita 120, atafunga pampu, sola na tenki la lita 10,000 juu ya mnara. Sharti lake: maji yasipopatikana, hela ya kuchimba hairudi.

Kundi limegawanyika. Vijana wanataka kuchimba hata kesho. Mjomba wangu, ambaye ndiye mwenyekiti, anasema tusitupe hela chini ya ardhi wakati mradi wa maji wa serikali, ule wa Miji 28, umo njiani na Makonde imetajwa humo. Anao ushahidi wa gazeti, mkataba ulisainiwa Juni 2022. Vijana wanamjibu kwamba maji ya gazetini hayapiki ugali.

Kijijini tuko watu kama 2,400. Vilula, yaani mabomba ya kuchotea maji, vipo viwili, na maji yake yanakuja kwa zamu.

Tuchimbe au tusubiri?

Mbishi wa Temeke

Chimbeni. Mkisubiri mpango wa serikali mtazika na mwenyekiti wenu.

Fundi Maji Mstaafu

Marahaba, maana najua utanisalimia.

Nimefanya kazi ya maji miaka 36. Nilitoka Chuo cha Maji pale Ubungo mwaka 1979, nikapelekwa kusini, na miaka yangu kumi ya kwanza ilikuwa Mtwara na Lindi pamoja na Wafini, watu wa Finland. Zama hizo kila mkoa ulikuwa na mfadhili wake. Wafini walipewa Mtwara na Lindi, Wadenmaki Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waholanzi Shinyanga na Morogoro, Wanorwe Rukwa na Kigoma, Waswidi wakawa huku Ziwa Viktoria. Kila mmoja alikuja na wataalamu wake, ramani zake na pampu yake. Washa wa pampu ya Shinyanga haukuingia kwenye pampu ya Lindi hata uutie mafuta ya nazi.

Sasa kisima chenu. Mita 120 juu ya uwanda wa Makonde? Huyo mkandarasi ama hajawahi kufika kwenu, ama amefika na anawajua vizuri.

Sikiliza. Uwanda ule ni mchanga juu ya mawe ya mchanga. Mvua inanyesha ya kutosha, lakini ardhi yenu ni kifumbu: ukimimina, inachuja yote mpaka chini. Ndiyo maana kwenu hakuna mto, hakuna kijito, hakuna hata dimbwi la bata, ilhali ukiteremka kwenye genge, ule mteremko mkali wa ukingoni, unakuta chemchemi zinatoka miguuni mwa mlima. Hayo ndiyo maji yenu, yamepitia chini kwa chini. Wazee wenu walipanda kule juu wakikimbia vita na wakamata watumwa, wakakubali kwamba usalama uko juu na maji yako chini. Mzigo wa makubaliano hayo wakabebeshwa wanawake.

Mkoloni alilijua hilo. Mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950 haukuchimba visima juu. Ulikwenda bonde la Kitangari, ukayasukuma maji yakapanda mlima. Wafini nao walipopima, mpango wao wa maji wa Mtwara na Lindi ukatoka 1977, wakafuata njia ileile: pampu za mkono, zile Nira, zikapelekwa tambarare za chini ambako maji yako karibu, na juu ikabaki kusukuma. Wapimaji wa vizazi viwili, mataifa mawili, wote wamekataa kuchimba pale juu kwa kina kidogo. Halafu anakuja kijana na mita 120.

Sisemi haiwezekani kabisa. Kwenye kingo za uwanda, au kwenye mabonde yanayouingilia, unaweza ukapata. Ila usitoe hela kabla hujaona vitu viwili.

Cha kwanza ni kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Kuchimba kisima kirefu bila kibali ni kosa kisheria, na pale bodi ndiko kuna kumbukumbu za visima vilivyochimbwa jirani: kina chake, maji yalikutwa wapi, vingapi vilitoka vikavu. Kuuliza ni nauli tu. Mkandarasi naye muulize leseni.

Cha pili, mkataba useme wazi kisima kitapampiwa majaribio saa 24 mfululizo na mtapewa karatasi ya vipimo, siyo muhtasari. Nikuambie kwa nini. Kwenye jaribio, pampu inavuta na mtu anakaa pale na kamba yenye kengele, anapima maji yameshuka kiasi gani. Mwanzo kila dakika, baadaye kila nusu saa, kisha kila saa, usiku kucha. Maji halisi yanashuka haraka mwanzoni, halafu yanapunguza mwendo, yanasitasita, wakati mwingine yanapanda kidole kimoja na kushuka tena. Mwaka mmoja nililetewa karatasi ambayo kuanzia saa sita usiku hadi kumi na moja alfajiri maji yalishuka sentimita mbili kila saa, sawasawa, kama yamechorwa kwa rula. Nikamuuliza kijana, "Ulilala saa ngapi?" Akasema, "Saa sita kasorobo, mzee." Tukarudia lote. Kisima kile hakikuwa na hata nusu ya maji yaliyoandikwa.

Sasa hesabu. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka kwake, na kilula kimoja kihudumie watu 250. Nyinyi 2,400 mnahitaji lita 60,000 kwa siku na vilula kumi. Mradi hupangwa kwa kuangalia miaka 20 mbele. Mkiongezeka asilimia 2.5 kwa mwaka mtakuwa karibu 3,900, yaani lita 98,000 kwa siku, kabla hujahesabu shule, zahanati na bomba linalovuja. Tenki la lita 10,000 kwa watu 2,400 ni lita nne na kidogo kila mmoja. Hilo ni tenki la msibani.

Swali langu kwako, na hili ndilo kubwa kuliko kuchimba au kutochimba: mnajua kijiji chenu kimeandikwaje kwenye mpango? Umeona kwa macho yako, au mnasikia tu "mradi unakuja"?

Korosho Ghafi

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mke wangu akasikia habari ya kifumbu akacheka.

Nimempigia mkandarasi. Karatasi za upimaji anasema anazo. Alichonitumia ni ukurasa mmoja, picha ya kutoka angani yenye nukta nyekundu, na maneno "eneo lina dalili nzuri sana". Nilipomtajia kibali cha bonde akasema hayo ni mambo ya mbele ya safari. Nilipomtajia saa 24 akasema network inakatika.

Kuhusu mpango, kusema kweli hatujui tumeandikwaje. Sikujua hata kama kuna mahali pa kwenda kuangalia.

Mkamba wa Wote

Salamu kutoka Makueni. Huku kwetu Ukambani tulikuwa na shida kama yenu, na tumesaidika sana na mabwawa ya mchanga. Mnajenga ukuta wa mawe na simiti kukatisha mto wa msimu, mvua ikija mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga. Jua haliyanyonyi. Kiangazi mnachimba kidogo tu mnachota. Kazi ni ya kikundi cha akina mama na mawe ni ya bure. Mbona msijaribu?

Fundi Maji Mstaafu

Ndugu wa Makueni, kazi hiyo naiheshimu. Ila inataka mto, hata kama ni wa wiki tatu kwa mwaka, na chini yake mwamba usiopitisha maji. Makonde juu hakuna vyote viwili. Ukijenga ukuta pale utapata ukuta.

Mama Zuhura

Mimi nipo upande wa Newala, nawasoma toka jana. Mnajadili kina, leseni, milioni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza anayebeba anataka nini.

Sisi nyumbani tunacho kisima cha mvua. Baba alikichimba kwa hela ya korosho nikiwa darasa la tatu, kirefu kama mtu mmoja na nusu, kimejengwa kwa tofali na kusakafiwa, maji yanaingia kutoka bati la nyumba. Kina mfuniko wa bati na kufuli, na ufunguo unalala chini ya mto wa mama. Siyo uchoyo. Ukikiacha wazi mtoto ataanguka, na jirani mwenye shida atachota usiku kwa sababu anaona aibu kuomba mchana. Mvua ya kwanza hatuiachi iingie, tunageuza mfereji, maana bati limekaa miezi sita na vumbi na mavi ya ndege. Kikijaa, kinatufikisha mwezi wa tisa tukijibana. Watu wanaooga kila siku hawafiki mwezi wa nane.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndiyo kiama. Nenda kilulani saa kumi alfajiri utakuta madumu yamepangwa hayana mtu. Mwenye dumu kuukuu kaweka dumu, asiye na la kuacha kaweka jiwe, mwingine kandambili moja. Tunajuana mawe. Siku maji yakitoka, habari inakimbia kuliko moto. Na ajabu yake, ndiyo miezi ya mnada wa korosho, hela ipo. Mwezi wa tatu maji ya mvua yamejaa na mfukoni hakuna kitu. Anayepanga bei ya maji na michango angekaa huku mwaka mmoja tu.

Mkitaka kusaidia leo, kabla ya bomba la mtu yeyote, angalieni zahanati. Nawajua wanawake walioambiwa waje kujifungua na dumu lao la maji. Ndoo kichwani, mimba mbele.

Fundi Maji Mstaafu

Huyu dada kasema neno ambalo nilipaswa kulisema mimi. Nisamehe, mafundi tuna ugonjwa wa kupenda bomba.

Hesabu yake hii hapa. Kule juu mvua tuseme milimita 900 kwa mwaka, yote kati ya Desemba na Mei. Bati la mita za mraba 60 linapokea lita 54,000. Toa moja ya tano kwa kumwagika na kusafisha, unabaki na 43,000 hivi. Familia ya watu sita ikitumia lita 10 kila mmoja, za kunywa na kupika tu, kwa siku 200 za ukame inahitaji lita 12,000. Kwa lita 25 za sera ni 30,000. Kwa hiyo mvua inatosha! Kinachokosekana ni mahali pa kuiweka. Paa la madarasa mawili, tuseme mita 150, linatoa zaidi ya lita 100,000 kwa mwaka, na shule nyingi hazina hata mfereji wa bati. Maji yanaanguka kutoka angani, yanachimba mashimo kwenye msingi wa darasa, yanazama.

Lakini mvua haiondoi haja ya mradi mkubwa, usinielewe vibaya. Mwaka mvua ikichelewa wiki tano, kila kufuli ya mama inafunguliwa.

Na gharama ya kupandisha maji isiwatishe kuliko inavyostahili. Kupandisha lita 60,000 mita 300 juu, kwa pampu inayopoteza nusu ya umeme inaoutumia, ni kama uniti 100 za umeme kwa siku. Uniti tuseme shilingi 350, ni 35,000. Gawanya kwa ndoo 3,000 za lita 20, unapata shilingi 12 kwa ndoo. Kwa jenereta la dizeli zidisha mara tatu. Ndoo ikiuzwa 50, chenji inabaki. Mradi hufa siku pampu inapoungua na chenji hiyo haijulikani iko wapi.

Mhasibu wa Jumuiya

Hapo kwenye chenji naomba nichangie. Niko Njombe, natunza vitabu vya jumuiya ya watumia maji. Sisi maji yetu ni ya mserereko, yanatoka mlimani yenyewe, hatulipi hata uniti moja. Na bado mwaka wa kwanza tulifilisika. Kila kiongozi alikuwa na kilula cha shemeji yake kisicholipa. Tulipona tulipofanya mambo mawili: hela ya kilulani inapelekwa benki siku hiyohiyo au kwa simu, na kila mwezi mapato yanabandikwa kwenye mti wa mkutano, na jina la aliyepokea.

Hata mkipewa bure na serikali, ninyi ndio mtakaolipa. Sheria ya maji ya 2019, iliyozaa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, inataka vyombo hivi visajiliwe na viwe na mtu wa hesabu na fundi. Wekeni akiba ya hiyo milioni 31, msiitie yote kwenye udongo.

Mbishi wa Temeke

Kwa hiyo wachange, wajipimie, wajitunzie hesabu. Serikali inafanya nini?

Fundi Maji Mstaafu

Swali halali. Kila lita ya petroli unayoweka kwenye bodaboda yako Temeke ina shilingi 50 zinazokwenda Mfuko wa Taifa wa Maji. Kwa hiyo umeshalipa. Nenda ukadai.

Ila kudai kunataka kujua pa kugonga. Mimi nilianza kazi ndani ya mpango wa miaka 20, ule wa 1971, uliosema ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji ndani ya mita 400. 1991 ikafika, tukaandika sera mpya. Sikulaumu ukikata tamaa. Lakini nimeona kwa macho yangu mpango unavyokosa watu, na mara nyingi haukuwa uchoyo wa mtu. Wafini walihesabu vijiji mara tu baada ya Operesheni Vijiji iliyohamishia watu kwenye vijiji vipya, watu wamepangwa barabarani kama shanga. Wakachora mabomba kufuata vijiji vile. Miaka ya themanini watu wakaanza kurudi mahame, makazi yao ya zamani, kwa mikorosho yao, kwa sababu mkorosho hauhamishwi, na uzalishaji ulikuwa umeanguka kutoka tani 145,000 mwaka 1973/74 hadi chini ya 20,000 mwaka 1986/87. Bomba likabaki barabarani, mtu yuko shambani. Kwenye jedwali, mtu huyo ana maji.

Korosho Ghafi, narudia. Nenda ukaone mmeandikwaje. Kwanza ujue mko chini ya nani, RUWASA au mamlaka ya maji ya Makonde, maana huko kwenu vipo vijiji vya huku na vya kule, na barua ikienda mlango usio wake inalala. Pili, nenda kabla ya Desemba. Mwaka wa fedha unaanza Julai, Bunge linakaa kwenye bajeti Aprili hadi Juni, lakini wilayani namba zinafungwa mapema. Anayekwenda Aprili anapelekwa kwenye "tumelipokea".

Korosho Ghafi (baada ya wiki saba)

Wakuu, nimerudi. Shikamoo mzee, na dada yangu Mama Zuhura.

Nilichukua siku kumi, nikafunga duka, nikaenda. Nilianza na mtendaji wa kijiji, tukaongozana na mjomba hadi ofisi inayohusika. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Saa sita mhandisi, kijana mpole tu, akatufungulia kompyuta. Akaandika jina la kijiji chetu. Hakipo.

Nilidhani ameandika vibaya. Akajaribu na R badala ya L. Hakipo. Mjomba akaanza kupumua kwa nguvu. Kisha mtendaji akauliza, "Jaribu kijiji mama." Kwa sababu sisi tuligawanywa miaka michache nyuma, tulikuwa vitongoji vya kijiji kikubwa. Akaandika. Tukatokea humo.

Na hapo ndipo nilipoelewa swali la mzee. Kwenye jedwali bado tu kijiji kimoja: watu 4,700, vilula 14. Kumi na nne mara 250 ni watu 3,500, kwa hiyo "asilimia 74 wanapata huduma". Rangi ya kijani. Mbele yetu kulikuwa na vijiji vingi vyekundu, na nani atakipa kipaumbele cha kijani? Nikaomba karatasi, nikagawanya pale pale kwenye goti. Kijiji mama watu 2,300, vilula 12. Sisi 2,400, vilula viwili. Yaani wao wana vya kuwatosha na kubaki, sisi ni watu 500 kati ya 2,400. Asilimia 21. Mhandisi akaangalia karatasi yangu, akaigeuza, akasema, "Hii mngeileta zamani." Mjomba akamjibu, "Zamani tulikuwa tunakusubiri wewe."

Sikuona mtu wa kumlaumu. Kijiji kilipogawanywa tulichinja ng'ombe, tukachagua mwenyekiti, tukapata muhuri. Hakuna aliyekumbuka kuyagawa maji.

Tuliitisha mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari ukaandikwa, mahudhurio yakasainiwa, idadi ya watu kitongoji kwa kitongoji, na mahali pa vilula viwili pamepimwa kwa simu. Nakala moja tumepeleka ofisini, moja kwa diwani, zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa tarehe 3 Desemba. Mhandisi ametuambia jedwali litatenganishwa, na kwamba tenki la kijiji mama liko kilomita tatu kutoka kwetu, kwa hiyo kinachowezekana kwanza ni kurefusha bomba kutoka pale mradi mkubwa utakapoongeza maji. Mwaka gani, hakusema, na mimi sikumbana.

Mkandarasi tumeachana naye. Anapiga bado.

Hela: milioni 9.6 tumeweka mifereji na matenki kwenye zahanati na madarasa manne. Kundi liligombana siku tatu, wawili wakajitoa, mmoja amerudi. Zilizobaki ziko benki, haziguswi bila sahihi tatu, na moja ni ya shangazi yule wa wali mkavu. Mvua ya kwanza ilinyesha nikiwa bado kijijini. Mwalimu mkuu alisimama chini ya mfereji na mwavuli, akigonga tenki kwa fundo la kidole kila baada ya dakika chache kusikia limefika wapi.

Mama Zuhura

Mvua ya kwanza hamkuiacha iingie, sivyo?

Korosho Ghafi

Iliingia, dada. Tulisahau kugeuza mfereji. Wamelimwaga lote na kulisugua, watoto waliingizwa ndani na ufagio.

Fundi Maji Mstaafu

Sawa. Koki za matenki ya shule mmefunga za plastiki au za shaba?

Korosho Ghafi

Plastiki.

Fundi Maji Mstaafu

Nitumie vipimo vya uzi wake. Ninazo nne za shaba hapa nyumbani, nikupe ubebe ukipita Ubungo.